Shibe Isiyokufa

Mgonjwa wa kwanza alikuwa amekalishwa juu ya mkeka nje ya zahanati, kwa sababu vitanda vinne vya ndani vilishajaa. Aliitwa Sikudhani Malenga, mwanamke wa miaka thelathini na minne, na mpaka wiki tatu zilizopita yeye ndiye aliyekuwa akiongoza kikundi cha wanawake wanaobangua korosho pale kijijini Nangumbe. Asubuhi moja aliamka, akataka kwenda kuwafungulia kuku, miguu ikamkatalia. Haikumuuma. Ilikakamaa tu kama mipini miwili, vidole vikaelekea chini, na alipojaribu kusimama aliangukia mlango.

Tabibu Hokororo alichutama, akamgonga chini ya goti kwa nyundo yake ya mpira. Mguu uliruka kwa nguvu isiyo ya kawaida, kisha ukaendelea kutetemeka wenyewe kama mtu anayecheza na mtoto gotini. Akagonga wa pili, nao ukafanya vivyo hivyo. Kisha aligeuka kumtazama mgeni wake aliyetoka Mtwara mjini alfajiri ile.

Mgeni huyo, Dk. Somoe Nandonde, hakuwa daktari wa kutibu watu. Udaktari wake ulikuwa wa vijidudu. Hata hivyo hakuhitaji kuelezwa alichokiona. Vitabu viliuita ugonjwa huo konzo, yaani kupooza kwa miguu kunakoletwa na sumu ya muhogo mchungu, na yeye alikuwa ametumia miaka kumi na sita ya maisha yake kuhakikisha kwamba hakuna mtu wa uwanda wa Makonde atakayeupata tena. Alikuwa hajawahi kuuona ila kwenye picha.

Aliuliza wako wangapi. Hokororo akamjibu kwamba ni kumi na mmoja. Saba watoto, wanne wanawake. Akauliza kama watapona. Tabibu akasema kwamba watoto wawili huenda wakatembea kwa fimbo. Wengine alivyowaona ndivyo watakavyokuwa.

Somoe alimsogelea yule mwanamke akaketi ukingoni mwa mkeka. "Pole sana, mdogo wangu," alisema.

"Mimi si mdogo wako," Sikudhani alimjibu, bila kupaza sauti. "Wewe ndiye binti Nandonde. Sura yako iko kwenye pakiti. Nimekuwa nikiiona kila asubuhi kwa miaka kumi na miwili, nachana pakiti, namwaga unga wako kwenye uji. Sasa nieleze. Nilikosea wapi?"

Somoe aliinuka mkekani. Aliomba vikopo vya choo vya wagonjwa wote kumi na mmoja, akaenda navyo kwenye gari.

*

Juu ya uwanda wa Makonde hakuna mto wala chemchemi. Maji yako bondeni. Kuyashukia ni saa mbili na kuyapandisha ni saa tatu. Joto lilipozidi mwaka hadi mwaka, mahindi yaliacha kubeba, mtama ukafuata, ukabaki muhogo mchungu peke yake, maana huo hata jua likiwaka namna gani haujali. Ila kadiri ukame unavyozidi ndivyo muhogo huo unavyozidi sumu. Mabibi walijua dawa yake: waliumenya, wakauloweka siku tatu, wakauvundika, wakauanika. Kazi hiyo ilitaka maji, na maji yalitaka shingo za wanawake. Mama yake Somoe, huko Newala, alibeba ndoo mpaka akawa hawezi kugeuza kichwa bila kugeuza na mabega.

Hapo ndipo Shibe ilipozaliwa. Somoe alimchukua bakteria wa kawaida anayeishi kwenye maziwa ya mgando, akamfundisha chakula kipya. Sumu ya muhogo haiingii tumboni ikiwa wazi. Huja imefungwa ndani ya sukari, na hufunguka humo humo tumboni, sianidi ikatoka. Bakteria wa Shibe aliwahi kuimeza sukari ile ikiwa bado imefungwa, akaivunja ndani ya mwili wake mwenyewe, akatema kisichodhuru. Kijiko kimoja cha unga kwenye uji kila asubuhi, na mtu angeweza kumenya muhogo leo, kuutwanga leo, na kula ugali leo leo. Ndege ndogo zisizo na rubani zilidondosha pakiti kila Jumatatu katika vijiji mia mbili na arobaini. Wanawake waliacha kushuka bondeni ila kwa maji ya kunywa. Wasichana waliozaliwa miaka ile walikua bila kujua muhogo uliovunda unanukaje.

Mle garini Somoe alipima choo cha mtu wa kwanza, kifaa kikamwonyesha sifuri. Akadhani kifaa kimeharibika. Akapima cha pili, cha tatu, mpaka cha kumi na moja. Bakteria wa Shibe hawakuwemo tumboni mwa mtu hata mmoja.

Alirudi zahanati akamuuliza Hokororo kama wagonjwa wale waliwahi kupewa dawa yoyote. Tabibu akafikiri, kisha uso ukambadilika. Miezi miwili iliyopita, alisema, kampeni ya vikope ilipita. Kijiji kizima, mtu mzima na mtoto, walimezeshwa dawa ya kuua bakteria ili macho yasipofuke. Yeye mwenyewe ndiye aliyewapanga kwenye foleni.

Basi mambo yakawa wazi. Dawa ile iliua bakteria wa macho, na ikaua na wa Shibe pia. Kijiko cha asubuhi hakikutosha kuwarudisha, kwa sababu walihitaji kipimo kikubwa cha kuanzia, kama kile alichopewa kila mtu mara ya kwanza. Watu wa Nangumbe wakaendelea kula muhogo usiolowekwa kwa wiki tano, huku wakiamini kwamba wana mlinzi tumboni.

Kilichomchoma Somoe ni kwamba jambo hili alilijua. Aliliandika mwaka wa pili wa majaribio. Pakiti za kwanza zilikuwa na onyo lake kwa herufi nyekundu: ukimeza dawa ya kuua bakteria, kwa siku kumi na nne usile muhogo usiolowekwa, una sumu, na uanze Shibe upya. Alimwomba Hokororo pakiti. Aliigeuza mbele na nyuma. Palikuwa na picha yake akitabasamu, na chini yake maneno matatu: Kula. Shiba. Ishi. Onyo halikuwepo.

Kabla hajaondoka alizunguka nyumba kwa nyumba pamoja na mwenyekiti wa kijiji, akawaambia watu waache muhogo mbichi siku ile ile. Akapiga simu mjini, akadai magari mawili ya maji yaletwe Nangumbe kabla jua halijazama, na alidai kwa sauti ambayo mpokea simu hakuwahi kuisikia kutoka kwake. Magari yalikuja. Somoe alipoona maji yanaingia kwenye mapipa, ndipo alipowasha gari, akarudi Mtwara na hasira zake.

*

Taasisi ya Bakteria Rafiki, iliyokuwa ikitengeneza Shibe, ilikuwa na ghorofa tatu na bustani iliyomwagiliwa mara mbili kwa siku. Somoe alipita kwenye ile bustani akaitazama kama mtu aliyetukanwa. Hakubisha hodi kwa mkurugenzi.

Profesa Edeltruda Komba alikuwa mwanamke wa miaka sitini na tatu, mrefu, mpole wa sauti, mzaliwa wa Songea. Ndiye aliyemfundisha Somoe kushika kioo cha hadubini. Aliisikiliza habari ya Nangumbe mpaka mwisho, akavua miwani, akaiweka mezani. Alisikitika kweli, Somoe aliliona hilo, na lilimkasirisha zaidi.

"Nani aliyelifuta onyo langu?" Somoe aliuliza.

Profesa alianza kwa kueleza. Mwaka ule wa tatu, alisema, watu walikuwa wanaikataa Shibe. Walipoona neno sumu kwenye pakiti walidhani sumu imo ndani ya pakiti. Katika vijiji kumi, sita viliirudisha, na katika vile sita watoto wanne walikufa kwa muhogo. Kamati ya Taasisi ikaamua onyo litolewe kwenye pakiti lipelekwe kwenye mafunzo ya wahudumu wa afya. Mafunzo yakafanyika mara moja, kisha wahudumu wakahamishwa, wakaja wengine.

"Sikuuliza kwa nini. Nimeuliza nani."

Profesa Komba alifungua faili kwenye meza ya kioo akaisukuma hati upande wa Somoe. Ukurasa wa arobaini na moja. Mabadiliko ya maandishi ya pakiti, yaliyoidhinishwa na mtafiti mkuu. Chini kulikuwa na sahihi, S. Nandonde, ile herufi N yenye mkia mrefu.

Somoe aliikumbuka siku ile. Alikuwa uwanja wa ndege, anakwenda kupokea tuzo. Walimtumia hati yenye kurasa sitini, akazitia sahihi zote kwa kidole akiwa amesimama kwenye mstari, maana ndege ilikuwa inaitwa. Alisimama sasa akiitazama ile herufi N, na hasira yote aliyokuja nayo kutoka Nangumbe ikakosa pa kwenda. Ikamgeukia.

"Mngeniambia," alisema hatimaye.

"Tulikuandikia. Hukusoma," Profesa alimjibu, bila ubaya. "Wala mimi sikukusisitizia, kwa sababu nilijua ungekataa. Hilo ni langu, nalibeba. Sasa tuzungumze la kesho. Kampeni ya vikope inaendelea. Wiki ijayo iko wilaya ya jirani, vijiji thelathini."

Somoe alisema kampeni isimamishwe. Profesa akamweleza kwamba alikwisha kuomba, wamekubali kuichelewesha siku kumi na mbili, hawawezi zaidi, kwa kuwa upofu nao ni ugonjwa. Kisha akatoa kisanduku chenye baridi, akakifungua. Ndani mlikuwa na chupa ndogo ya unga mweupe. Alisema hii ni Shibe ya pili. Walikuwa wakiitengeneza kwa miaka miwili katika maabara ya ghorofa ya juu. Bakteria wake wamepewa chembe ya urithi inayowakinga. Dawa ya vikope haiwaui, wala dawa nyingine nne zinazotumika kwenye zahanati. Mtu akianzishiwa mara moja, basi. Ilikuwa inasubiri kitu kimoja tu kiende kwa mamlaka ya dawa, sahihi ya mtafiti mkuu kwamba ni salama.

"Hiyo chembe ya kinga inaweza kuhama," Somoe alisema. "Bakteria huazimana. Ikiingia kwa bakteria wa kuhara damu, tutawatibu watoto kwa nini?"

"Tumepima. Haikuhama."

"Kwa panya wangapi?"

"Arobaini," alisema Profesa Komba. Kisha, baada ya kusita kidogo, akaongeza kwamba katika vizimba viwili kulitokea uchafuzi, wakaviondoa kwenye hesabu.

*

Somoe hakutoka maabara kwa siku nane ila kwenda kulala. Alirudia jaribio kwa mikono yake. Aliwapa panya Shibe ya pili, akawapa na bakteria wa kuhara damu, akawalisha muhogo, akawapa dozi ndogo za dawa kama zile ambazo watu humeza nusu na kuziacha wanapojisikia nafuu. Watu wa ghorofa ya juu walikuja kumchungulia dirishani. Hakuwasalimu. Mmoja alimletea chai, akaiacha ikapoa.

Siku ya tano, bakteria wa kuhara damu waliotoka kizimba cha kumi na saba waliota juu ya sahani yenye dawa, pale ambapo hawakupaswa kuota. Siku ya saba ikawa hivyo kwenye kizimba cha ishirini na tisa. Siku ya nane, cha thelathini na nne. Vizimba vitatu kati ya arobaini. Safari hii hapakuwa na uchafuzi. Alisoma chembe za urithi herufi kwa herufi, na ile kinga ilikuwa humo, nzima, kama ilivyoandikwa ghorofani.

Alipeleka matokeo kwa Profesa. Wakabishana mpaka sauti za wote wawili zikakauka. Profesa hakukana namba. Alisema panya si binadamu, na dozi zile zilikuwa za kuchokoza. Tena, hata kama ingetokea hivyo, huenda ikachukua miaka ishirini, na kufikia hapo dawa mpya zitakuwa zimepatikana. Upande wa pili wa mizani kuna watu laki tatu wanaokula muhogo huu kila siku. Je, awaambie nini? Warudi kwenye ndoo? Kisha akasema lile ambalo Somoe hakuweza kulisahau.

"Unakataa kwa sababu ulitia sahihi bila kusoma mara ya kwanza. Sasa unataka kujisafisha. Wanawake wa Nangumbe hawakuomba usafi wako. Nenda ukawaulize wanataka nini."

Somoe akaenda.

*

Mkutano ulifanyika ndani ya ghala la korosho, kwa kuwa nje hakukukalika kwa jua. Walikuja watu zaidi ya mia mbili. Sikudhani alibebwa kwenye kiti na kaka zake wawili, akawekwa mbele, miguu yake imefunikwa kanga. Wale watoto saba walipakatwa na mama zao.

Somoe aliwaambia yote. Aliwaambia juu ya dawa ya vikope, juu ya onyo, na kwamba sahihi iliyolifuta ni yake. Ghala zima lilivuma. Mwanamume mmoja wa nyuma alimrushia pakiti ya Shibe, ikampiga begani ikapasuka, unga ukamwagika kifuani. Mwenyekiti akataka kumtoa yule mtu. Somoe akamwambia amwache. Akaendelea kueleza kwamba ipo Shibe ya pili isiyokufa, na kwamba ndani yake kuna hatari nyingine. Aliwaeleza kwa maneno ya nyumbani: bakteria hawa wamepewa ngao, na bakteria ni majirani wanaoazimana vitu. Wale wa kuhara damu wakiiazima ngao ile, mtoto ataletwa hapa zahanati, atapewa dawa, na dawa haitafanya kitu.

Aliyesimama kwanza alikuwa Faidha, mke wa ndugu yake Sikudhani, binti wa miaka ishirini na miwili aliyekuwa na mapacha, mmoja mgongoni na mwingine kifuani. Aliongea taratibu, kama mtu anayehesabu.

"Umesema huenda. Huenda wakaazimana, huenda mtoto akaugua. Mimi nakuelewa. Lakini kuhara damu ni huenda, maji ni kila siku. Nitashuka bondeni na hawa wawili mwilini, nipande na ndoo, kwa sababu ya huenda yako? Tuletee hiyo isiyokufa."

Wanawake wakapiga makofi. Sauti zikapanda kutoka kila upande, kwamba ndiyo, iletwe, iletwe kesho. Somoe aliwakasirikia. Alikuwa ametarajia watamkasirikia kwa yaliyopita. Hilo alijiandaa nalo. Hakujiandaa kuwakasirikia wao. Alitaka kuwapigia kelele kwamba hawajaona sahani ya kizimba cha thelathini na nne, kwamba wanachokiomba kitakwenda mbali zaidi ya Nangumbe na zaidi ya uwanda wote, kwa watoto ambao mama zao hawajaulizwa chochote ndani ya ghala hili. Alifungua mdomo, akausikia ukitoa sauti ya Profesa Komba, sauti ya mtu anayejua zaidi. Akaufunga.

Sikudhani aliinua mkono. Watu wakanyamaza.

"Mlipoleta ile ya kwanza," alisema, "mlitukusanya humu humu mkasema haina madhara. Leo umekuja kusema ile ilikuwa nayo, na hii inayo. Sisi tukuamini kwa lipi ulilosema? Lakini hilo liache. Nataka kujua jambo moja. Umekuja kutuuliza, au umekuja kutuambia?"

Lilikuwa swali jepesi, na lilimvua Somoe nguo. Njia nzima kutoka Mtwara alikuwa akijiambia kwamba anakwenda kuwauliza. Ukweli ni kwamba alitaka watu hawa waliovunjwa miguu wamwondolee mzigo: waseme hapana, ili hapana yake iwe yao, au waseme ndiyo, ili ndiyo yake isiwe dhambi. Sasa walikuwa wamesema ndiyo, na yeye bado alikuwa na hapana yake, nzito vile vile.

"Nimekuja kuwaambia," alijibu. "Sitatia sahihi. Na ile ya kwanza nitaomba isimamishwe mpaka onyo lirudi. Mtarudi kuloweka. Najua maana yake. Mama yangu alibeba maji hayo."

"Mama yako alibeba," Faidha alisema. "Wewe ulibeba lini?"

Hakuna aliyecheka. Mkutano ulivunjika bila mwenyekiti kuufunga. Watu walitoka wakipita mbele ya Somoe kama wanavyopita mbele ya kisiki, na mama mmoja aliyempakata mtoto wake aliyekakamaa alisimama, akamtazama usoni kwa muda, kisha akatema mate chini, karibu kabisa na viatu vyake.

*

Ripoti aliiandika siku moja. Aliweka namba za vizimba vitatu, aliweka na vile viwili vilivyoitwa uchafuzi, kisha akaweka ukurasa wa arobaini na moja wenye sahihi yake. Aliipeleka kwa mamlaka ya dawa mwenyewe, kwa mkono, na nakala akaipeleka kwa kila mganga mkuu wa wilaya za kusini.

Siku ya tatu Shibe ya pili ilizuiwa. Shibe ya kwanza ikasimamishwa kwa muda. Siku ya nne Taasisi ilitoa tangazo redioni likieleza kwamba onyo la pakiti liliondolewa kwa idhini ya mtafiti mkuu, Dk. Somoe Nandonde, ambaye amesimamishwa kazi. Hapakuwa na uongo hata mmoja katika tangazo lile. Halikuitaja kamati. Mwandishi mmoja alimtafuta ampe nafasi ya kujitetea. Somoe alimwambia aandike kwamba sahihi ni yake, na kwamba kamati ilikuwa na watu saba, akamtajia majina yote saba, la Profesa Komba likiwa la kwanza.

Profesa alimpigia simu mara moja tu. Hakugomba. Alisema kwamba jana mama mmoja, njiani kutoka bondeni, aliteleza na ndoo akavunjika nyonga. Kisha akakata simu. Somoe aliitupa simu ukutani ikapasuka kioo. Akaiokota, akakaa nayo mkononi kutwa nzima, kwa maana hakujua amkasirikie nani, na kumkasirikia mtu kulikuwa ndiyo kazi pekee aliyobaki nayo.

Alirudi Nangumbe mwezi uliofuata, kwa basi, kwa sababu gari lilikuwa la Taasisi. Magari ya maji yaliacha kuja zamani. Uani kwa Sikudhani alikuta mapipa matano yaliyokatwa nusu, yamejaa muhogo uliomenywa, na harufu kali iliyochacha. Sikudhani alikuwa amekaa chini katikati yake, kwenye kigoda kifupi, mikono ikiwa imezama majini hadi viwikoni. Faidha alikuwa akimimina maji kutoka kwenye ndoo. Alimwona mgeni, akamaliza kumimina, akaweka ndoo kichwani, akaondoka bila salamu.

Somoe alianza kusema kwamba amekuja kumwambia kuwa kesi ikifunguliwa atakuwa shahidi, na kwamba hatajificha.

"Kesi tumeshafungua," Sikudhani alimkatiza. "Wewe ni wa kwanza kushtakiwa, kamati wa pili. Utakuja kusema mbele ya hakimu, utake usitake. Usije hapa kuniambia kama zawadi."

Somoe akakubali. Alikaa chini kwenye udongo, kwa sababu hakukaribishwa kiti. Sikudhani alitoa kipande cha muhogo kwenye pipa, akamtupia mapajani, kikilowesha sketi.

"Umeiva huo?"

Somoe alikishika. Kwa kifaa chake angeweza kuisoma sumu iliyobaki humo mpaka sehemu moja ya milioni. Kifaa kilikuwa cha Taasisi. Alikibonyeza kile kipande, akakinusa, akajaribu kukumbuka mikono ya mama yake ilifanya nini hapo, asikumbuke. Akasema anadhani umeiva.

"Bado," alisema Sikudhani, na safari hii hasira ilikuwa wazi kwenye sauti yake. "Ukibonyeza ukaacha shimo lisilorudi, hapo ndipo. Huo unarudi. Ungempa mwanao leo, keshokutwa angekuwa kama mimi. Watu laki tatu umewasahaulisha, na wewe mwenyewe hujui."

Akasukuma pipa kwa kiganja mpaka likamgusa Somoe magotini.

"Shika hapo. Bonyeza kimoja kimoja mpaka vidole vijue. Kuna nyumba hamsini na tatu kijijini hapa zenye wake wa umri wa Faidha, hawajawahi kuloweka muhogo kwa mikono yao, na ndio kwanza wanaanza. Mtu lazima awapitie wote, mlango kwa mlango, kila asubuhi, kabla hawajatwanga." Aliitazama miguu yake iliyonyooka mbele yake kwenye tope. "Mimi siwezi kwenda."

Somoe alikunja mikono ya blauzi, akaingiza vidole majini.